Somo: Fangasi kwenye mkojo wa mtoto mchanga, kabla hujauliza dawa

Wenzangu wa wodi za watoto huniuliza kila mara dawa ya kumpa mtoto ambaye majibu yake ya mkojo yameandikwa Candida (jina la kundi la fangasi), nami huwauliza kwanza mkojo ulipatikanaje. Ninaandika hasa kwa ajili ya watoto wenye kasoro za njia ya mkojo, kama wavulana wenye vali zinazoziba urethra (mrija wa kutolea mkojo), waliokaa na mpira wa mkojo na kutumia antibiotiki muda mrefu.

1. Soma faili: tafuta kasoro, mpira na antibiotiki nilizotaja hapo juu.

2. Chukua mkojo. Hapa niliwahi kukosea: nilimbandika mfuko wa plastiki mtoto mwenye upele mwekundu wa nepi, vidoa vyake vimetapakaa hadi kwenye mikunjo ya mapaja, na fangasi walioota maabara walikuwa wa ngozi. Alichomwa sindano za vipimo bila sababu, hadi mkojo wa mpira mpya ulipooteshwa usiote kitu. Usioteshe mkojo wa mfuko. Kama mtoto ana mpira wa zamani, ubadilishe kwanza, kisha uchukue kwenye mpya.

3. Iambie maabara kwamba unatafuta fangasi. Naitraiti (kemikali ambayo bakteria wengi huizalisha mkojoni) ikikosekana kwenye kijiti cha kupimia, usitulie, kwa kuwa kwa kawaida Candida haiizalishi.

4. Piga ultrasaundi ya figo na kibofu. Fangasi wanaweza kujikusanya wakawa donge linaloziba njia, na hapo dawa peke yake haitoshi. Mwite daktari wa upasuaji mapema.

Swali: Nitajie dozi tu, nina haraka.
Jibu: Sitaji dozi ya mtoto ambaye uzito na hali ya figo zake sivijui. Rudi hatua ya 2.

Swali: Kati ya dawa za fangasi, kwa nini huanza na flukonazo na si kaspofungini, ambayo ni mpya zaidi?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi, dada. Flukonazo hutolewa na figo huku dawa yenyewe ikiwa bado na nguvu, kwa hiyo hujaa mkojoni, ilhali kaspofungini hufika huko kidogo sana. Hata hivyo Candida krusei haisikii flukonazo, na Candida glabrata mara nyingi huhitaji tahadhari, ndiyo maana ni lazima maabara itaje aina.

Swali: Asiye na mpira tumchukueje?
Jibu: Mwekee mpira wa muda mfupi. Ukiamua kuudaka mkojo anapokojoa mwenyewe, msafishe, kisha msugue chini ya kitovu kwa gozi iliyoloweshwa maji baridi ili akojoe, huku mwenzako ameshika kikopo tayari.