Somo: Kumlea mtoto wa kinyonga wa pembe tatu

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita Trioceros jacksonii, ni mnyama wa kwetu kabisa, kwa kuwa makao yake ya asili ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania. Mwaka 1972 baadhi yao waliingizwa Hawaii, wakaachiwa, na mpaka leo wanazaliana huko. Somo hili nawaandikia ndugu walio ughaibuni ambao wamepata kwa njia halali mtoto aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji. Nawaomba mshike neno moja tangu mwanzo: huyu ni mtoto wa ukungu na baridi ya mlimani, na wengi humwua kwa joto wakidhani kwamba kila mnyama wa Afrika hutaka jua kali.

Hatua ya kwanza ni tundu. Liwe la wavu wenye matundu madogo, ili hewa ipite na wadudu wasitoroke. Upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 60 vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Ndani weka mmea hai usio na sumu, kama haibiskasi, na vitawi vyembamba, kwa sababu vidole vyake vimegawanyika makundi mawili kama koleo, na mguu wa mtoto wa sentimita 5 hauwezi kukumbatia tawi nene kama kidole chako. Chini tandika karatasi tupu, ambayo utaibadilisha kila siku.

Hatua ya pili ni joto na mwanga, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Sehemu moja ya juu, chini ya taa, ifike nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na kwingine kote kubaki kati ya 20 na 24, ili mtoto mwenyewe achague akae wapi. Usiku zima taa zote na uache joto lishuke hadi nyuzi 15 au 18. Aliyewahi kuamka alfajiri ya Julai mjini Arusha, akaona pumzi yake ikitoka kama moshi, hatashangaa kwamba mnyama wa Meru huhitaji baridi ili apumzike. Zaidi ya taa ya joto, lazima pawe na taa ndefu ya miale ya UVB, iwake saa 12 kwa siku, kwani bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D ya kutosha, kalsiamu haishiki mifupani, na miguu hupinda. Kioo huizuia miale hiyo, kwa hiyo jua la dirishani halisaidii.

Hatua ya tatu ni maji. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia bakulini. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtoto wangu wa kwanza nilimwekea kifuniko cha chupa kilichojaa maji safi, na siku ya nne nikamkuta juu yake, macho yamezama, akifa kwa kiu. Pulizia majani kwa chupa yenye matone laini asubuhi na jioni, dakika mbili au zaidi kila mara, kisha usimame mbali utazame: atageuza jicho moja kuelekea tone linalong'aa kwenye ncha ya jani, atasogea taratibu, halafu utaona kidevu chake kikipanda na kushuka anapokunywa. Usipuuze kinachofuata: majani yakauke kati ya kupulizia mara moja na nyingine, maana unyevu usiokoma pamoja na hewa nzito huleta ugonjwa wa mapafu.

Hatua ya nne, chakula. Mpe kila siku nzi wa matunda na nyenje wachanga, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake, na jioni uwaondoe waliobaki, kwani nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala. Wapake wadudu unga wa kalsiamu usio na vitamini D, kwa wepesi tu. Ule wenye vitamini utoe mara mbili kwa mwezi. Jamii hii huumizwa na vitamini zikizidi, na dalili mojawapo ni uvimbe wa shingoni.

Hatua ya mwisho ni mikono yako: iweke mbali. Kinyonga hushikwa anapohitaji kuhamishwa au kutibiwa, si kwa kuchezewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Wangu hufumba macho mchana na kukaa chini ya tundu. Je, ana usingizi tu?

Jibu: Marahaba. Kinyonga mwenye afya halali mchana. Pima joto, tazama mkojo wake (sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, ana kiu), na umpeleke leo hii kwa daktari wa wanyama anayewajua mijusi.

Swali: Mama mkwe amekuja kututembelea na hataki kulala nyumba moja na kinyonga. Anasema ana sumu.

Jibu: Kinyonga hana sumu, wala mate yake hayadhuru. Hata hivyo, hofu hiyo ni ya tangu zamani na mama anastahili heshima yake, kwa hiyo hamishia tundu chumba ambacho haingii, wala usimlazimishe kumtazama. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa tundu, kwa kuwa mijusi hubeba bakteria wa salmonela.

Swali: Mimi niko Limuru. Nimemwokota mdogo kwenye ua wa shamba letu. Naweza kufuata somo hili?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila kibali, na wewe unayo bahati ambayo sisi wa mbali hatuna: ua huo una ukungu, wadudu na jua lake. Mrudishe leo kabla ya giza kwenye kichaka kilekile, juu kidogo, asipofikiwa na paka.