Gusa habu ya trela kabla boti haijaingia majini

Mnaozunguka Marekani na boti nyuma ya gari kwa mashindano ya kuvua samaki aina ya besi, leo ziwa Okeechobee kule Florida, wiki ijayo ziwa Guntersville, Alabama: kila mkisimama kujaza mafuta, shukeni mguse habu za trela (sehemu ya katikati ya gurudumu, yenye beringi ndani) kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Uvuguvugu ni kawaida. Moja ikikufanya uondoe mkono haraka na zenzake haziko hivyo, beringi yake inakufa, au breki inashika bila kuachia. Hapo usiendelee na safari, ng'oa gurudumu uangalie. Grisi iliyogeuka rangi ya maziwa maana yake maji yameshaingia.

Na mkifika ziwani, msiishushe trela papo hapo. Habu yenye moto ikitumbukia majini, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Subirini ipoe, muda huo kagueni tangi la boti la kuwekea samaki wakiwa hai.

Mimi siku hizi hubeba habu nzima ya akiba, beringi zikiwa zimeshapakwa grisi, pamoja na jeki inayofika chini ya ekseli ya trela. Niliwahi kulala kando ya barabara kwa kukosa hiyo jeki tu, na mazoezi ya kabla ya mashindano yalianza alfajiri bila mimi.