Somo: Mtoto anayekariri badala ya kusoma, na namna ya kumrudisha kwenye silabi

Habari za jioni, wazazi na walimu wenzangu.

Nafundisha tuisheni nyumbani, hapa Morogoro, na kila Januari naletewa watoto wa darasa la tatu wa namna moja. Daftari safi, mwandiko wa kupendeza, hadithi ya kitabuni anaitiririsha bila kukwama. Ziba picha kwa kiganja, mwonyeshe neno moja la katikati ya ukurasa: anakutazama usoni. Hajui kusoma, amekariri. Na mzazi hana habari, maana kila jioni anamsikia akisoma.

Simlaumu mwalimu wa shule. Tangu mtaala wa 2015, sehemu kubwa ya vipindi vya darasa la kwanza na la pili ni vya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini darasa likiwa na watoto 90 wanaoitikia kwa pamoja, mmoja anaweza kujificha ndani ya sauti za wenzake miaka miwili mizima. Nyumbani hana pa kujificha.

Hatua ya 1: Mpime bila kumtisha

Usitumie kitabu chake. Andika kwenye karatasi maneno yasiyokuwepo: tifo, belatu, dumeka, nosagi. Mwambie ni majina ya wanyama mliowabuni. Akiyasoma, basi kusoma anajua, na shida yake iko kwingine, labda kasi au kuelewa. Akishindwa, shuka kwenye silabi mojamoja, kisha irabu. Pale anapokwama ndipo mtakapoanzia, hata kama ana miaka 10.

Tafadhali usimwambie "darasa la tatu hujui ba?" Akishaona aibu atarudi kukariri, kwa sababu huko ndiko alikozoea kusifiwa.

Hatua ya 2: Silabi kwanza, majina ya herufi baadaye

Hapa naomba mtulie. Mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni "be" na hii ni "a", akiziunganisha anapata "bea". Hajakosea, amefuata alichoambiwa. Mwonyeshe "ba" nzima, aitamke kwa mkupuo.

Kiswahili kimetubeba sana hapa. Irabu ni 5 tu, sauti zake hazibadiliki, na silabi karibu zote huishia na irabu. Akishika ma, me, mi, mo, mu, tayari anasoma mama, mimi, mume. Ongeza ka, ke, ki, ko, ku: anapata kaka, kuku, kima, kama, koma. Kisha ta, la, na. Msifuate mpangilio wa alfabeti, fuateni herufi zinazompa maneno mengi mapema. Na b na d msizifundishe wiki moja, ziachanisheni.

Vifaa ni vizibo vya soda, au boksi la dawa ya meno lililokatwa vipande. Kila kimoja silabi moja. Mwache asogeze mwenyewe: ka-ma, ma-ka, ku-ku, mu-ku. Akijenga neno lisilo na maana, alisome hivyohivyo mcheke pamoja.

Jihadhari na kitu kimoja: "ma me mi mo mu" ni wimbo, na wimbo nao hukaririwa. Changanya. Mwonyeshe mo, halafu ku, halafu ma. Akisita kwenye mpangilio uliovurugwa, silabi hizo bado hajazishika, msiende mbele.

Hatua ya 3: Makofi

Kila silabi kofi moja. Ba-ba, mawili. M-to-to, matatu. Ile m inayosimama peke yake huwasumbua mno: mbu ni m-bu, lakini mboga ni mbo-ga. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina kofi lake: sa-a, ko-ndo-o. Mtoto anayepiga makofi mawili kwa kondoo ndiye atakayeandika "kondo". Kosa la kuandika utalisikia kwenye makofi kabla hajashika penseli.

Hatua ya 4: Sauti ngumu

Ny, sh, ch, kisha th, dh, gh. Ng' iwe ya mwisho, na ifundishwe kwa jozi: ngoma na ng'ombe.

Hatua ya 5: Dakika 15 kila siku

Kabla ya chakula cha usiku, angali macho. Saa mbili za Jumamosi hazifidii siku sita za kimya. Malizeni kwa imla ya maneno 5, halafu wewe umsomee hadithi huku yeye akisikiliza tu.

Maswali

*Mzazi, Tanga:* Shikamoo mwalimu. Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?

Marahaba mama. Makofi hayahitaji kusoma, na unayaweza leo. Vizibo mwachie dada au kaka yake. Akimaliza kusoma, mwambie akusimulie alichosoma, umwulize nani alifanya nini na kwa nini. Mtoto aliyekariri hushindwa hapo, na wewe utajua.

*Mwalimu wa tuisheni, Mwanza:* Wanafunzi wangu wanachanganya r na l. Nihesabu kuwa hawajui kusoma?

Hapana, mwalimu. Akisoma "habali" na anaelewa ni habari, amesoma, hiyo ni lafudhi ya nyumbani kwao. Ila kwenye kuandika mpe jozi ambazo maana hubadilika: kula na kura, mahali na mahari. Watoto wakishajua mahari ni nini hawalisahau hilo.

*Mama, Dodoma:* Wangu yuko shule ya Kiingereza. Nikimfundisha Kiswahili si nitamchanganya?

Dada, mtoto huyo anaongea Kiswahili usiku na mchana. Akijifunzia kusoma kwenye lugha anayoielewa, anapata lile jambo kubwa, kwamba herufi hubeba sauti na sauti hujenga neno. Atalihamishia kwenye Kiingereza, ambako herufi moja ina sauti nyingi. Kuanzia huko kwenye ugumu ndiko kunakowafanya wengi wakariri.

*Mzazi, Kibaha:* Ana miaka 8, bado anageuza b na d, na kitabu anakisogeza karibu na pua.

Kugeuza herufi kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7 ni kawaida. Mwambie: b ni fimbo halafu mpira, d ni mpira halafu fimbo, aziandike kubwakubwa mchangani kwa kidole. Lakini hilo la pua lisisubiri. Mpeleke akapimwe macho hospitali wiki hii, masikio pia, na umwombe mwalimu wake amketishe mbele, karibu na ubao, wakati mnasubiri majibu.