Kupima mabadiliko ya samaki kwa kumbukumbu za wavuvi wa Nyumba ya Mungu

Ukishuka kutoka Moshi hadi mialo ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, usianze na "samaki wamepungua?" Kila mtu atajibu ndiyo, na daftari litabaki tupu. Anza na zana: nyavu ngapi, matundu inchi ngapi, zililala majini saa ngapi. Aliyetega nyavu 5 zamani na anayetega 30 leo wanaweza kurudi na ndoo ileile moja. Ukiandika ndoo tu, utadhani hakuna kilichobadilika. Gawanya samaki kwa idadi ya nyavu.

Miaka usiidai kwa tarakimu. Uliza: kabla au baada ya mvua za El Nino za 1997?

Perege anastahili muda zaidi. Mzee akuonyeshe kwenye kiganja chake urefu wa jike mdogo kabisa aliyemkuta na mayai mdomoni (ndimo jike la perege hulea), zamani na sasa. Kisha weka rula hapo hapo, maana viganja havilingani. Majike wakianza kulea wakiwa wadogo, mara nyingi ni dalili kwamba nyavu zimewamaliza wakubwa. Kambare andika idadi na msimu, inatosha.

Andika pia kina cha maji. Bwawa likishuka samaki hubanana, mavuno yanaonekana mazuri kwa muda. Wengi hukosea hapo.

Kina mama wachuuzi waulize peke yao: wanakumbuka fungu lilikuwa na samaki wangapi. Habari za kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, usiulize mbele za watu. Ni haramu, utadanganywa.