Jinsi ya Kuombea Kijiji Huduma ya Intaneti

Kijiji ambacho kampuni za simu hazioni faida ya kukifikia hakijaachwa bila sheria, kwani mwaka 2006 Tanzania ilitunga sheria iliyounda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni zinazoshinda zabuni za kupeleka mawasiliano maeneo ya aina hiyo.

Anzeni kwa kukusanya ushahidi, na hapa msiharakishe: tembeeni kitongoji kwa kitongoji mkiwa na laini za mitandao mbalimbali, mwandike mahali pasipo na mtandao kabisa na mahali ambapo simu inapiga lakini intaneti haifunguki, maana hali hizo mbili zina tiba tofauti. Ongezeni idadi ya kaya, zahanati na shule zinazoathirika. Kwa maoni yangu, shule ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Kisha lifikisheni suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ili maombi yaambatane na muhtasari uliosainiwa yanapopitia kwa mtendaji wa kata na halmashauri kuelekea kwenye Mfuko, huku mbunge akipewa nakala. Ikiwa mnara upo lakini huduma ni mbovu, lalamikeni kwanza kwa mtoa huduma, na asipolitatua tatizo, pelekeni malalamiko TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayosimamia kampuni za simu.