Somo: Namna ya kusikiliza muziki wa Blade Runner bila filamu yake

Filamu ya Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka Juni 1982. Hadithi yake inatokea Los Angeles, Novemba 2019: mvua isiyokatika, moshi, taa za matangazo, na mpelelezi aliyechoka. Muziki ni wa Vangelis, mtunzi Mgiriki aliyefariki Mei 2022. Wengi wanaukumbuka kama ukungu uliokuwa nyuma ya picha, na hapo wanaupunja. Albamu aliyoitoa mwaka 1994 haifuati mtiririko wa filamu, na ndani yake kuna vipande viwili, Wait for Me na Rachel's Song, ambavyo kwenye filamu havimo kabisa. Anayeisikiliza huku akiizungusha filamu kichwani anatafuta kitu ambacho hakijawekwa humo. Hii ni kazi inayojitegemea ya dakika 57 na ushee, na inataka isikilizwe kwa mkao mmoja.

Hatua ya 1: Pata albamu yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1982 Vangelis hakutoa albamu ya muziki huu. Iliyotoka ni ya New American Orchestra, tungo zilezile zikiwa zimepigwa upya na okestra. Nayo inaitwa Blade Runner, nayo ina jina la Vangelis kama mtunzi, hivyo ukitafuta kwenye programu za muziki unaweza kuzikuta zote mbili. Si mbaya, ila siyo hii. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kutazama urefu wa Blade Runner Blues: kwenye albamu ya 1994 ni 8:53, kwa okestra ni kama nusu ya hapo. Albamu sahihi ina vipande 12, inafungua na Main Titles na kufunga na Tears in Rain.

Mkusanyiko wa diski tatu uliotolewa 2007 kuadhimisha miaka 25 ya filamu unafaa pia. Diski ya kwanza ndiyo albamu ya 1994, ya pili ina muziki wa filamu uliokuwa haujatolewa, na ya tatu ni muziki mpya uliotungwa baadaye. Kwa somo hili tumia ya kwanza tu. Zile video ndefu zilizopunguzwa kasi na kuongezewa sauti ya mvua ziache kabisa.

Pakua kwanza, usisikilize huku ikivutwa kwenye mtandao. Kwa kiwango cha kbps 320 (kipimo cha ubora wa faili la sauti) albamu nzima ni kama MB 138. Kwa kbps 128 ni kama MB 55. Kama bando ni dogo, chukua hiyo ya pili, lakini usishuke zaidi. Faili lililobanwa mno huharibu kwanza miisho ya sauti, ule mwangwi unaofifia, unaanza kusikika kama maji yanayochuruzika. Na katika albamu hii mwangwi ndio nusu ya muziki.

Hatua ya 2: Zima visaidizi vya simu

Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uzime vitu vinne: kuchanganya nyimbo, kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya vipande, na ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu). Vipande kadhaa vya albamu hii vimeungwa na Vangelis mwenyewe, kimoja kinaingia kingine hakijaisha. Programu ikiongeza ufifishaji wake wa sekunde 5 au 10 juu ya huo, viungo vyote vinavurugika. Usawazishaji unaopima kila kipande peke yake nao huinua vilivyotulia na kushusha vyenye nguvu, mwishowe albamu inakuwa tambarare. Kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni.

Hatua ya 3: Spika, hedifoni na chumba

Spika moja ya simu haitoshi. Muziki huu umetandazwa kushoto na kulia, na chini kuna besi ambayo spika ya simu haiwezi kuitoa. Hedifoni za kufunika sikio zima ndizo rahisi zaidi kupatia. Ukitumia spika mbili, ziweke mita 2 kutoka moja hadi nyingine, nawe ukae mita 2 kutoka kila moja, zikiwa usawa wa masikio.

Wenye sabufa, sikilizeni vizuri. Kitufe cha besi kirudisheni katikati au chini yake kidogo, na boksi la besi lisogezwe mbali na kona, angalau hatua moja. Kona huongeza besi, na noti ndefu za chini za Vangelis zikikutana na kona hugeuka kuwa mngurumo mmoja usioachana. Hapo kila kitu cha juu kinamezwa.

Sauti ipime kwa End Titles, kipande cha 11, chenye mapigo makubwa ya ngoma. Weka kiwango ambacho hakikusumbui hapo, halafu usikiguse tena. Ukipima kwa Rachel's Song utajikuta umeongeza mno, na ngoma zitakushtua. Kwa anayesikiliza kila siku, kipimo salama cha Shirika la Afya Duniani ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki.

Kisha fanya jaribio hili dogo. Cheza Main Titles. Mwanzoni utasikia sauti ya mpelelezi akiiamuru mashine ikuze picha, pamoja na pigo zito la chini. Pigo likilia, hesabu polepole mpaka usilisikie tena. Kama hufiki hata tatu, chumba kina kelele au spika inakula mwangwi. Zima feni, funga dirisha, jaribu tena.

Hatua ya 4: Mara ya kwanza, usifanye kitu

Kaa, usilale, ukilala utasinzia kwenye kipande cha 7. Kioo cha simu kiwe kimezimwa ili usione majina ya vipande wala dakika zilizobaki. Picha za filamu zikikujia zipite zenyewe, usizifuate. Kama kuna kipande kinakuchosha, usikiruke, maana uzito wa kipande kinachofuata unategemea huo uchovu.

Hatua ya 5: Mara ya pili, fuata kinanda kimoja

Acha siku moja au mbili zipite. Safari hii sikio lishike chombo kimoja: Yamaha CS-80, kinanda cha kielektroniki cha miaka ya 1970, kizito karibu kilo 100, kinachotoa noti 8 kwa wakati mmoja. Ubora wake ni kwamba ukishabonyeza noti na kuendelea kuikandamiza, kila kidole kinasikilizwa peke yake. Unaweza kuipa nguvu zaidi noti moja kati ya nne ulizoshika, nyingine zikabaki zilivyo. Juu ya vibao vyake kuna utepe. Ukiburuza kidole hapo, sauti inapanda au kushuka bila ngazi.

Mahali pa kukisikia vizuri ni Blade Runner Blues. Chini kuna noti ndefu zilizoshikwa pamoja, zinazobadilika taratibu kiasi kwamba unagundua zimebadilika baada ya kubadilika. Juu yake kuna sauti moja inayotembea peke yake. Chukua noti yake moja ndefu uichunguze: inaanza butu, inafunguka na kung'aa, halafu kabla haijaisha inaanza kutetemeka. Mtetemo huo haufanani kutoka noti moja hadi nyingine, kwa kuwa ni kidole cha mtu kinachokandamiza. Hakuna ngoma ya kukuhesabia, hivyo hujui noti inayofuata itakuja lini. Anayesema kipande hiki "hakiendi popote" kwa kawaida anasubiri mdundo. Acha kusubiri mdundo, subiri noti iishe, na dakika karibu 9 zitapita bila kuhesabika.

Uhuru huo wa mwendo una chanzo. Vangelis alifanya kazi katika studio yake ya Nemo, London, akitazama matukio ya filamu kwenye video na kupiga papo hapo, bila kuandika noti. Mwendo wa picha uliingia mikononi mwake. Picha zimeondolewa, mwendo umebaki.

Kitu cha pili cha kufuata ni mwangwi wenyewe. Ulitoka kwenye mashine ya Lexicon 224, na Vangelis aliupiga kama ala. Angalia anavyoacha nafasi: noti, kimya kilichojaa mwangwi, noti. Kwenye Love Theme, saksafoni ya Mwingereza Dick Morrissey inapumua ndani ya nafasi hiyohiyo, na ndiyo maana haisikiki kama wimbo wa hotelini.

Hatua ya 6: Mara ya tatu, sauti za watu

Sasa fuata sauti za binadamu. Mary Hopkin kwenye Rachel's Song anaimba bila maneno. Don Percival kwenye One More Kiss, Dear anaimba kwa mtindo wa redio za zamani. Kipande hiki huwaudhi wengi, lakini bila hicho Blade Runner Blues inayofuata isingeanguka kwa uzito ule. Mwimbaji Demis Roussos yuko kwenye Tales of the Future. Mwisho ni Rutger Hauer, mwigizaji aliyeyapunguza na kuyarekebisha mwenyewe maneno ya mwisho ya mhusika wake. Anayasema mwanzoni mwa Tears in Rain. Sikiliza pale anaponyamaza na kinanda kinapoingia.

Ukimaliza hapo, kairudie filamu ukitaka. Utasikia vitu ambavyo picha ilikuwa inavifunika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Kipande cha 8, Memories of Green, kwangu piano inayumba kama kanda iliyolowa, na kuna milio ya pii-pii. Nimepakua mara mbili, bado. Faili ni bovu?

Jibu: Marahaba. Faili ni zima. Piano imepitishwa makusudi kwenye kifaa kinachoiyumbisha, na hiyo milio ni ya mchezo mdogo wa kielektroniki wa mkononi. Kipande hicho ni cha zamani kuliko filamu; kilitoka kwanza mwaka 1980 kwenye albamu yake ya See You Later. Faili bovu utalijua kwa mikwaruzo au kukatika ghafla, na kasoro huwa sekunde ileile kila ukirudia.

Swali (Muscat): Assalamu alaykum. Demis Roussos anaimba Kiarabu? Nimejaribu kumfuata, nashika nusu tu.

Jibu: Wa alaykum salaam. Roussos alizaliwa Alexandria, Misri, na alikuwa kundi moja na Vangelis, Aphrodite's Child, miaka ya 1960. Sauti na matamshi ni ya Kiarabu, ila usiisikilize kama qasida yenye maana ya kufuatwa. Fuata anavyovuta na kukunja sauti, na kinanda kinavyomjibu. Sikio lililozoea taarab litaona mvuto huo haraka.

Swali (Nairobi): Habari zenu. Mimi nasikiliza nikiwa kwa matatu asubuhi na jioni, dakika 40 hivi. Inafaa?

Jibu: Njema. Kwa mara ya kwanza hapana. Injini inanguruma palepale kwenye besi za Vangelis, na muziki wa gari unamaliza kilichobaki. Ukishaijua albamu, End Titles na Love Theme zinavumilia safari. Blues na Rachel's Song ziwekee nyumbani. Usipandishe sauti kushindana na matatu, utaumiza masikio.

Swali (Dar es Salaam): Nyumba yetu ni ya bati na masika imeanza. Si ndiyo hali yenyewe ya filamu?

Jibu: Inavutia kufikiria hivyo, lakini mvua ya batini ina kelele ya kila kimo, chini mpaka juu, na inafuta kwanza mwangwi. Utabaki na noti bila miisho yake. Tumia hedifoni za kufunika sikio, au subiri ipungue. Manyunyu hayana shida.

Swali (Mwanza): Nataka muziki mtupu. Nikipitisha kwenye programu ya kuondoa sauti za watu, itafaa?

Jibu: Hapana. Programu hizo hukata na sehemu ya muziki iliyo kimo kimoja na sauti ya mtu, na mwangwi unabaki na mashimo. Usipotaka maneno ya mwanzo, anza Main Titles baada ya mpelelezi kunyamaza. Au anza na Blade Runner Blues.

Swali (Bujumbura): Nikimaliza hii nisikilize nini kwa njia hiihii?

Jibu: Mbili zinatosha kwa kuanzia. Kwanza muziki wa mpiga tarumbeta Miles Davis wa filamu ya Kifaransa Ascenseur pour l'échafaud: ulirekodiwa Paris Desemba 1957, tarumbeta ikipigwa papo hapo huku matukio ya filamu yakioneshwa ukutani. Utausikia uhusiano na Vangelis mara moja. Kisha muziki wa filamu ya Taxi Driver, wa mtunzi Bernard Herrmann, aliyefariki Desemba 24, 1975, saa chache baada ya kumaliza kuurekodi. Huko fuata ala za shaba za kupuliza zenye sauti nzito, siyo saksafoni. Hatua ya 2 na ya 3 zinabaki vilevile. Sauti pimia kwenye ngoma na shaba.