Tango chotara: anza kwa kumchagua mama
Ukitaka kuzalisha matango chotara yenye mavuno mengi, chagua mmea mama wa ukoo unaotoa karibu maua ya kike matupu, kwa kuwa ua la kike ndilo linaloweza kuwa tunda, kisha umtafutie baba wa ukoo ulio mbali naye kinasaba, ambao umeujaribu shambani na kuridhika nao. Jioni, funga kwa uzi maua ya wazazi wote wawili yatakayochanua kesho yake, nyuki wasije wakakutangulia. Asubuhi chukua chavua (unga wa ua la kiume) ya baba na uipakaze kwenye ua la kike la mama, lifunge tena ua la kike na uliwekee alama. Tunda liache mtini hadi likomae kabisa na kubadilika rangi; mbegu zake ndizo za chotara utakazopanda. Lakini mbegu za matunda yatakayozaliwa na chotara huyo usizipande kwa biashara, maana sifa za wazazi hutengana upya katika kizazi hicho.